Kikapu cha Simu Mlangoni

Mimi hupiga singeli kwenye sherehe za hina za wanawake hapa Tabora, na sherehe zetu zina sharti: kila anayeingia anaacha simu kikapuni mlangoni. Madirisha yanazibwa kwa kanga, mabuibui yanavuliwa, halafu wake za watu na mama zao wanacheza mpaka wanaloa jasho. Dijei mwanamume haingii humo. Ndiyo maana wanawake wa Kanyenye wote wananijua, na ndiyo maana hakuna ushahidi kwamba nimewahi kugusa mashine.

Wahenga wanasema kizuri chajiuza. Hawakuwahi kupiga muziki kwenye sherehe ya hina.

Uchaguzi ulipofika, mama mmoja wa Ipuli aligombea udiwani. Singeli ikikolea, huyo hata wasichana humpisha. Kampeni yake ilitafuta dijei wa kupiga juu ya lori, mchana, mbele ya watu wote. Niliitaka kazi ile kwa moyo wangu wote, maana nilikuwa nimechoka kuwa hodari nyuma ya kanga.

Kamati ilinipokea vizuri, kwa chai na karanga. Mwenyekiti, mzee mstaarabu, akasema vijana wengine wameshaleta video zao. Yangu iko wapi? Nikaeleza habari ya kikapu. Wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Akauliza kama kuna yeyote pale aliyewahi kuniona nikipiga.

Mgombea alikuwa ameketi kando yake. Hina ya sherehe ya majuzi, niliyopiga mimi, ilikuwa bado imekolea vidoleni mwake. Aliitazama, akakoroga kikombe kilichokwisha chai.

Kazi akapewa kijana wa kiume. Sikumlaani yule mama. Angesema ameniona, angeulizwa yeye alikuwa akifanya nini huko. Lakini iliniuma, na bado inaniuma.

Akashinda. Wanawake wakamfanyia sherehe uani kwake, alasiri, na nani kaitwa kupiga muziki? Mimi. Nilimwamkia, nikamwambia leo naomba picha moja tu, mimi na mashine yangu.

Akanishika bega. "Mwanangu, ukipiga picha, nani atacheza?"

Alisema kweli, na hiyo ndiyo iliyonichosha zaidi. Nyuma yangu walishaanza kuvua mabuibui. Nikaweka simu kikapuni, nikawasha muziki, na wa kwanza kuingia uwanjani alikuwa mheshimiwa diwani.