Mkungu Kwenye Buti la Gari la Mbio

Huku kwetu barabara haijui kunyooka. Ukienda Masimba au Kebirigo, gari linapanda, linashuka, linakunja kona, na hata dereva awe na wazimu, mlima utamtia adabu. Ndiyo maana wale watu wa Nairobi, walipotaka kushindanisha magari yao ya Amerika, walikodi kiwanja cha ndege kilicho ng'ambo ya bonde, mkabala na kanisa letu. Hapo tu ndipo lami inakwenda bila kuzunguka. Na siku waliyochagua ilikuwa Jumamosi, Sabato yetu. Ningewatukana vizuri, lakini mmoja wao alikuwa mjukuu wangu.

Ni mtoto wa binti yangu mkubwa, na ni fundi wa magari. Mimi shule niliionja tu nikaondoka, lakini kujivunia mtu najua. Sokoni Kebirigo hakuna muuza nyanya ambaye hajasikia habari za msichana huyu, na wengine wamechoka kuzisikia. Mwajiri wake alikuwa amemwahidi: akishinda na lile gari la rangi ya chungwa alilolitengeneza kwa mikono yake, gereji yote itakuwa chini yake. Akishindwa, ataendelea kuosha vyuma kwa petroli na kutumwa chai.

Wiki hiyo alilala kwangu. Jioni ananieleza, mimi namenya viazi. Gari la kushindana naye lilikuwa la bluu, na lilikuwa na farasi wengi kuliko lake. Nikamuuliza hao farasi wanalishwa nini. Akacheka, akasema ndivyo nguvu ya injini inavyopimwa. La bluu lina nguvu ya kutisha, lakini ni zito, na ukilikanyaga kwa pupa matairi ya nyuma yanazunguka palepale yakitoa moshi. Lake lina farasi wachache, lakini ni jepesi na linashika lami mapema.

"Nikimwahi mwanzoni, hanipati," alisema. "Lakini nikiwa mzito kidogo tu, ananipita kule mwisho."

Nikamwambia yeye mwenyewe amekonda kuliko hilo gari, ale kwanza.

Ijumaa, kabla jua halijazama, nilimfungia mzigo. Sabato sivuni wala sibebi, na yeye angetoka kiwanjani moja kwa moja kwenda Nairobi. Mtu hatoki kwangu mikono mitupu, hata awe amekuja kunisalimia tu. Alikuwa anaoga, buti la lile gari la chungwa liko wazi uani. Nikainua kapeti, nikakuta shimo kubwa la mviringo, pale tairi ya spea inapokaa, na halina kitu. Nilifurahi. Nikasema, mtoto huyu ana heshima, amenitengea nafasi. Nikapanga mkungu wa ndizi, viazi vitamu, avokado, na boga juu yake. Nikarudisha kapeti. Likalala sawa kabisa, hata mimi nisingejua kuna kitu.

Asubuhi nikaenda kanisani, yeye akaenda kiwanjani. Tangu wimbo wa kwanza nilikuwa sikai nikatulia. Magari yalikuwa yanajaribiwa, na ngurumo inapanda bonde inaingia madirishani. La bluu lilikoroma kama ng'ombe dume. Lake lilikuwa na sauti ya juu, ya hasira. Mhubiri akazidisha sauti. Mimi nafunga kitambaa, nafungua, navua kiatu, navaa.

Nyuma yangu vijana wawili walikuwa wananong'ona. Mmoja akasema yule msichana ameng'oa kiti cha nyuma, ametoa hata tairi ya spea, gari liwe jepesi. Mwenzake akasema na bado, kwenye jaribio la asubuhi, lile la bluu limempita mwishoni, na sasa amefungua boneti anatafuta ugonjwa haoni.

Nikaliona lile boga kana kwamba nimelipakata.

Tumefundishwa kwamba ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato, anatolewa. Ndizi zangu zilikuwa shimoni. Nikasimama katikati ya mahubiri, mbele ya wazee wa kanisa, nikatoka. Nilishuka bonde na nguo yangu nyeupe, nikakata kwenye shamba la majani chai la watu, magoti yakilia.

Nilipofika, magari yalikuwa yamepangwa mstarini. Kijana mmoja akanizuia kwa kamba. Nikapita chini yake. Nikapiga buti la gari la chungwa kwa kiganja mpaka mjukuu wangu akatoka, uso umekunjamana.

"Magokoro, si uko kanisani?" Ndivyo wanavyotuita sisi nyanya.

"Fungua huku nyuma."

Aliinua kapeti, akakutana na boga. Kisha akaanza kutoa, na mimi nikapokea. Watu walicheka mpaka dereva wa la bluu akatoa kichwa nje, akauliza kama ndizi ni za kuuza au ni dawa ya injini.

"Asubuhi yote natafuta ugonjwa kwenye injini," mjukuu wangu aliniambia kwa sauti ndogo. "Kumbe ugonjwa ni wewe."

"Kimbia. Utanitukana ukirudi."

Mbio za namna hiyo, ukiwa umesimama pale wanapoanzia, huoni kitu. Bendera ilishuka, la bluu likafuka moshi matairi yakizunguka, lake likaruka. Baada ya hapo yalikuwa migongo miwili tu, inapungua, na ngurumo ya la bluu ikipanda, ikimfuata, ikimfuata. Kule mwisho watu walipiga kelele, lakini kelele haina jina. Nilimuuliza kijana wa kamba nani ametangulia, akasema hata yeye haoni. Nikabaki nimesimama na boga mkononi.

Lake ndilo lililorudi kwanza, polepole. Alishuka, hakunitazama. Akafungua buti, akachukua mkungu, akaurudisha shimoni.

"Upange vizuri, usipondeke," alisema. "Ni chakula cha mafundi wangu."

"Wako?"

"Wangu."

Nikamuuliza kama ni wengi. Akasema ni wengi, na wanakula.

"Basi mkungu mmoja hautoshi," nikamwambia. "Ngoja jua lizame, nikakate mwingine."