Mkoromo Ulipokatika

Juzi nilikwenda kumwona jirani yangu aliyelazwa hospitali moja hapa Mbeya. Kwenye kitanda cha pembeni alikuwepo mchimbaji wa dhahabu kutoka Makongolosi, ametoka kupasuliwa uvimbe mdomoni, dawa ya usingizi bado haijamwisha. Alikuwa anakoroma kweli kweli. Ndugu zake wakamzunguka, wakashikana mikono, wakafumba macho. Shangazi yake akaanza kuomba.

Katikati ya sala, mkoromo ukakatika.

"Asante Baba, sasa amepumzika!" shangazi akapaza sauti.

"Amina!" wakaitikia. Na mimi nikaitikia.

Nesi aliyekuwa mlangoni hakuitikia. Alimsukuma shangazi kwa bega, akamgeuza mgonjwa ubavu, akamwinua taya, akapitisha mrija wa mashine ya kunyonya. Likatoka bonge la damu lililomziba koo, jeusi kama ini. Midomo ilishakuwa ya bluu, jamani! Watu wazima tumejaa pale, mtu anakata roho, sisi tunashukuru!

Mgonjwa akakohoa, akavuta pumzi.

"Ombeni tu, mama," nesi akasema, naye anahema. "Lakini mmoja wenu abaki macho wazi."

Wakashikana mikono tena. Safari hii hakufumba mtu, hata shangazi.