Mnyama wa Kifuani

Kwa nini masweta mazuri namna ile yaliachwa Guangzhou? Nilimuuliza mwenye duka pale Shisanhang, soko la nguo za jumla, akasema yaliagizwa na mji mmoja mdogo wa Ujerumani, kisha wenyewe wakayakataa. Sababu hakuijua, au hakutaka kuisema. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo, nikiwakalimania wafanyabiashara siku zisizo na masomo, na majibu ya nusunusu yaliniwasha.

Siku hiyo nilikuwa na mama mmoja wa Nairobi. Masweta yale ya watoto ndiyo yangefungua duka lake jipya la Eastleigh, ambako wateja karibu wote ni Waislamu kama yeye. Marobota yalikuwa yanashonwa yapelekwe bandarini Nansha, ndipo alipovaa miwani akaitazama nembo ya kifuani: ngao ya manjano, na ndani yake mnyama mweusi amesimama kwa miguu miwili.

“Mwanangu, huyu si nguruwe?”

Nilitazama. Pua ndefu, kweli.

“Nguruwe asimame hivyo ili iweje, mama?”

“Aa, wewe msomi! Hata pilau utaiuliza kwa nini ina viungo. Mzazi gani atamvika mtoto nguruwe siku ya Idi? Duka litakufa halijafunguliwa!”

Akawasimamisha washonaji. Mwenye duka akafoka kwamba lori linasubiri. Nikamuuliza kiwanda kiliitoa wapi nembo ile. Alipanda ngazi akinung'unika, akarudi na bendera ya mji, waliyotumiwa iwe mfano. Tukaitandaza juu ya robota: milia ya manjano na nyeusi, na katikati ngao ileile, sasa kubwa kama sinia.

Mama aliinama mpaka miwani ikakaribia kugusa kitambaa. Pua hakuishughulikia. Alitazama miguu.

“Kucha! Nguruwe ana kwato, huyu ana kucha. Dubu huyu!”

“Na kwenye sweta je?” nikauliza.

Tukavuta moja. Kucha zilikuwepo, ndogo kama punje za mchele.

“Alhamdulillahi! Shoneni, shoneni!” Alicheka mpaka akakalia robota.

Miaka mingi baadaye nilifanya kazi na Mjerumani aliyekulia karibu na mji ule. Aliyakumbuka masweta. Watu wa mji waliyakataa, akaniambia, kwa kuwa dubu wao alikuwa ametariziwa akafanana na nguruwe.