Kitufe cha Nyimbo za Harusi

Nyimbo za Kipare nilizorekodi kwa simu huko milimani niliziweka kwenye tovuti niliyoijenga mwenyewe hapa Same. Zote zilikaa kwenye ukurasa mmoja mrefu, za shamba, za harusi na za kubembelezea watoto, bila mpangilio. Siku moja mama mdogo akapiga simu kutoka kijijini Kisiwani.

“Mwanangu, tangu asubuhi nautafuta wimbo wa marehemu dada. Kidole kimechoka.”

Niliona aibu, maana marehemu ndiye mama yangu. Wiki nzima nilihangaika, nikaupa kila wimbo kundi lake na kuweka vitufe juu ya ukurasa. Ukibonyeza kimoja, zinabaki nyimbo za kundi hilo tu. Mwanzoni ukurasa ulikuwa unabaki mtupu, nikarudia mpaka ukakubali.

Nikaenda Kisiwani, nikamwamkia, nikampa simu.

“Bonyeza mwenyewe, mama.”

Akabonyeza “Harusi”. Zikabaki nyimbo nne, na ule wa marehemu mama ulikuwamo. Aliufungulia, akaanza kuitikia kabla sijakaa, halafu akawaita majirani: “Njooni muone kazi ya mwanangu!”

Nimesifiwa mara nyingi kazini, lakini siku ile nilijiona mkubwa kweli.