Ukoka wa Mama

Ukoka ulipona. Nasema mapema, msije mkasoma kwa wasiwasi mkidhani hii ni habari ya majani yaliyokufa. Ulipona, ukanenepa, ukawa wa kijani hata miezi ile ya kiangazi ambapo mtaa wetu mzima wa Ampisikina, mjini Mahajanga, hugeuka rangi ya kutu. Wapita njia walisimama kuutazama juu ya ukuta. Laiti ungekufa.

Mama yangu alizaliwa Andoany, kisiwani Nosy Be. Baba yake alikuwa mlinzi wa nyumba ya Mfaransa mmoja, nyumba yenye uwanja wa majani mbele, na watoto wa mlinzi walikatazwa kuyakanyaga. Walipita pembeni, juu ya kokoto, kwenda na kurudi. Mama alikua akiyatazama tu. Baba yangu alipokwenda kumposa, kijana wa Mahajanga mwenye asili ya Ngazija, fundi wa karakana bandarini, mama alimwambia kwa utani kwamba yeye hataki dhahabu, anataka nyumba yenye majani ya kukalia. Mwanamume mwingine angecheka, yakaisha. Baba yangu hakuwa na mzaha na ahadi.

Aliitimiza mwishoni mwa miaka ya sabini, mimi nikiwa mtoto wa kutumwa dukani. Walikwenda Nosy Be kusalimia wazee, wakarudi na magunia yaliyoloa maji, ndani yake ukoka na mizizi yake. Tuliupanda uani kipande kwa kipande. Majirani walitucheka, na walikuwa na haki. Kwetu ua mzuri ni ule uliofagiliwa asubuhi mpaka ardhi ikang'aa. Majani uani ni uvivu wa mwenye nyumba na maficho ya nyoka. Lakini mvua zilikuwa njema mwaka ule, na ukoka ukashika.

Ilikuwa miaka mizito kwa watu wa kwetu. Baada ya fujo zilizotupata mjini sisi wenye asili ya Komoro, jamaa wengi walikuwa wameondoka, na nyumba za kushoto na kulia zilikuwa na makufuli. Wanawake waliobaki walitafutana. Sijui nani alianza, ila alasiri moja walikuwa wawili uani kwetu, kisha watano, kisha sikuweza tena kuwahesabu. Wengine walitembea kutoka Mahabibo, mikeka kwapani. Walitandika juu ya ukoka, wakashona kofia, wakachagua mchele, wakasugua liwa kwenye jiwe na kupakana usoni. Walizungumza Kingazija na Kimalagasi vikiwa vimechanganyika, na Kifaransa walipotaka kusengenya mbele yetu watoto. Kiswahili hiki ninachoandika nilikipata ukubwani, kwa mume. Siku zile nilikisikia kwenye dua tu na kwenye maneno mawili matatu ya biashara.

Mama alikuwa katikati yao. Kabla ya hapo alikuwa mgeni Mahajanga, msichana wa kisiwani mwenye matamshi ya kuchekesha, asiye na ndugu wa kumpelekea sahani. Sasa alikuwa anacheka mpaka anajifunika uso kwa mtandio. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema Waswahili, na mimi sijaona mwenyeji aliyepona kama mama yangu.

Ukoka, kwa wakati ule, haukupona. Ukakonda, ukawa na mabaka meupe pale mikeka ilipotandikwa, na mvua ikinyesha maji yalikaa juu kama mchuzi kwenye sahani. Baba alichukua bisibisi akajaribu kuichomeka ardhini. Haikuingia hata urefu wa kidole. Aliita nyumba nzima tuje kuona.

"Udongo umeshindiliwa," alisema. "Mizizi haivuti hewa. Maji hayashuki."

Alitengeneza chombo chake huko karakana: vipande vya bomba la maji vilivyonolewa ncha, vimechomelewa kwenye chuma cha kukanyagia, na mpini mrefu juu. Ukikikanyaga kinazama, ukikivuta kinatoka na udongo ndani ya mabomba, na ukikikanyaga tena udongo ule unasukumwa nje, vipande vya mviringo vyekundu kama soseji. Aliloweka ua kwanza, akaanza ukutani, akarudi nyuma hatua kwa hatua, shati limemganda mgongoni. Sisi tulikimbia nyuma yake tukiviponda vile vipande. Kisha ilibidi mashimo yajazwe mchanga ili yasijifunge. Baba alitaka ule wa ufukweni, maana kwetu mchanga wa bahari ndio safi kuliko wote, ndio tunaotandaza hata mlangoni. Mama akamkatalia mpaka uoshwe. "Unataka kuupa chumvi ukoka wangu?" Akauosha kwenye beseni, maji baada ya maji, na kila mara alidondosha chembe ulimini kuonja. Baba alisimama na chombo chake akimtazama mkewe akionja mchanga, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuiona tena baadaye. Nikipewa siku moja niirudie, nitaomba ile.

Kisha baba akafunga kamba kuzunguka ukoka.

Ilikuwa ya muda tu, alisema, mpaka mizizi ishuke. Wageni wakae sementini, kando ya jiko. Jambo lenyewe lilikuwa na akili, na hapo ndipo penye uchungu; kila alichosema baba kuhusu udongo kilikuwa kweli. Udongo ulishindiliwa na makalio ya wanawake wale, hapakuwa na mchawi mwingine. Lakini alasiri iliyofuata alikuja bibi mmoja mtu mzima, mkubwa wao wote, na kwa mazoea akavuka kamba, akatandika, akaketi. Baba alimwendea kwa adabu zote. "Naomba radhi, bibi. Tusogee kule kidogo." Bibi akainuka, na baba akauokota mkeka wake kwa mikono yake mwenyewe, akaukung'uta, akaukunja, akaenda kumtandikia sementini.

Kwetu mkeka wa mgeni haukunjwi na mwenyeji. Mgeni ndiye anayeukunja wakati wa kuondoka, na mwenyeji humzuia: kaa bado, mapema hii. Ukimkunjia wewe umemwonyesha mlango. Baba alilijua hilo kama anavyojua jina lake, ila siku ile macho yake yalikuwa ardhini. Bibi yule alikaa sementini muda wa kutosha asimwaibishe mtu, akaaga. Hakuna aliyegombana. Mmoja akawa na mjukuu mgonjwa, mwingine miguu ikamuuma, wa Mahabibo wakaona njia ndefu. Kofia zikahamia ua mwingine.

Ukoka ukafurahi. Ulifunga mabaka yote, na baba alilala kifudifudi kutazama majani mapya yakitoka kwenye mashimo. Mama alikaa kwenye kibaraza cha jiko na sinia la mchele.

"Fungua kamba," alimwambia.

"Mvua zijazo," baba alijibu.

Mvua zilikuja, akatoboa tena, na kutoboa kukataka mapumziko tena. Mama aliomba mara nyingine, kisha hakuomba. Mwenyewe hakuwahi kuukalia. Akae na nani? Ninakasirika hata sasa ninapoandika. Namkasirikia baba, kisha nakumbuka kwamba yote aliyafanya kwa ajili yake, nabaki na hasira isiyo na pa kwenda.

Nilipokuwa msichana mkubwa, dada yake mama aliugua huko Andoany, na mama akaenda kumuuguza. Shangazi zangu walisema ni safari ya mwezi mmoja. Dada yake akapona na mama hakurudi. Hawakuachana; baba alipeleka matumizi na mama alituma vanila na pilipili za kuchanganya kwenye achari. Kila aliyesafiri alibebeshwa maneno ya baba: mwambieni ukoka haujapata kuwa mzuri hivi. Na jibu lilikuwa moja, mwambieni nimesikia.

Nilimfuata nikiwa tayari nimeolewa. Ua wa dada yake ulikuwa udongo mtupu, mgumu na laini kama sakafu, hata kuku walikata tamaa ya kuuparura. Mama alikuwa ameketi katikati ya wanawake, liwa usoni, anacheka. Usiku tulipobaki wawili nikamuuliza kama hautamani ukoka wake.

"Mwanangu, nimekulia kando ya majani yasiyokanyagwa," alisema. "Siwezi kuzeekea kando ya mengine."

Sikumfikishia baba maneno hayo, na sidhani yangefaa kitu. Mwenyewe alikuwa ameanza kufahamu. Nilipofika Mahajanga nilikuta kamba imeondolewa, na viti viwili vimewekwa katikati ya ukoka. Vilikuwa na vumbi.

Mama alifariki Andoany, akazikwa siku ile ile, kama inavyopasa. Baba hakuwahi mazishi. Hitima tuliisoma nyumbani Ampisikina, na watu walijaa, maana msiba hauulizi nani alimkosea nani. Baba alitandika mikeka mwenyewe, juu ya ukoka wote, mpaka ukutani. Wanawake wa zamani waliokuwa hai walikuja na kusimama ukingoni. Mmoja wao, mwenye fimbo, akauliza, "Tukae hapa?"

"Kaeni," baba alisema. "Ulipandwa mkae."

Wakakaa, wakasoma, wakala, watoto wakakimbizana. Mvua ilinyesha kidogo na hakuna aliyeondoka. Walipoanza kuinuka, baba alimshika mmoja mmoja mkono, akawaambia ni mapema, wakae bado. Kisha wakaikunja mikeka wenyewe.

Asubuhi ukoka ulikuwa umelala chini, umesagika na matope, na maji yamesimama juu yake. Nilikwenda stoo nikamletea baba chombo chake. Alikitazama, akaniambia nikirudishe.