Mistari Minne Niliyoifuta

Asubuhi ile nilitoka nyumbani Nachingwea bila kujua ninakwenda wapi. Nikakuta lori la ufuta linamalizia kupakia, nikamuuliza dereva anaelekea wapi.

"Ruangwa, kaka. Unapanda au unahesabu mifuko?"

Nikapanda.

Niliacha shule darasa la sita. Kompyuta nilifundishwa na dada mmoja aliyekuwa anachapa barua stesheneri, karibu na soko. Miezi mitatu alikaa akiandika programu ya kupanga matokeo ya mitihani. Juu kabisa aliweka mistari minne: jina lake, mwaka, na ombi kwamba atakayeitumia programu asiifute mistari hiyo.

"Mistari hiyo kompyuta haiisomi," aliniambia. "Ni ya watu."

Mimi nilishika maneno yale ya kwanza tu. Shule moja ya Chiola iliponiomba programu kama ile, nilinakili yake kwenye disketi, nikabadilisha masomo, nikaifuta mistari minne kwa kuwa niliona haifanyi kazi. Chini ya karatasi za matokeo nikaweka jina langu. Na kwetu hata bibi, Mmakua ambaye Kiswahili kilimpa taabu, hakuanza hadithi kabla ya kumtaja aliyemsimulia.

Mwaka uliofuata ofisi moja ya elimu ilitafuta mtu wa kompyuta. Dada akapeleka programu yake, wakamwonyesha karatasi ya Chiola yenye jina langu, kisha wakaniita.

"Kijana, hii kaandika nani?"

Dada alikuwa amekaa pembeni, ananitazama.

"Tulisaidiana," nikasema.

Wakachukua mtu mwingine. Baada ya wiki mbili nilirudi kusema ukweli, nikaambiwa nafasi imeshajaa. Nikamfuata dada stesheneri.

"Hukunisaidia hata herufi moja, mdogo wangu," alisema, akaendelea kuchapa. Nilisubiri mpaka wateja wakaisha. Hakuinua kichwa.

Kesho yake ndipo nikapanda lori.

Ruangwa nilishuka mchana, nikaulizia nyumba ya wageni. Mama mwenye nyumba akafungua daftari.

"Kazi?"

"Najua kompyuta kidogo."

"Umesomea wapi?"

Nikamtaja dada, majina yake yote mawili. Nikasema programu aliiandika yeye peke yake, na mimi ndiye niliyemfuta. Mama alinisikiliza hadi mwisho, kalamu mkononi.

"Simjui, baba," akasema. "Chumba cha mwisho kule. Maji ya kuoga yako uani."