Mama wa Malisho ya Kajaga na Kalamu Yangu

Juma lililopita tulimzika mama mmoja wa Gihosha, mtaalamu wa mifugo, ambaye wasomaji wangu wa siku nyingi mnamfahamu bila kujua kwamba mnamfahamu. Ndiye niliyemfanya kichekesho katika safu hii, miaka ile ng'ombe walipokuwa bado wakichungwa wazi nyuma ya Kajaga. Niliandika kwamba mtu mzima mwenye diploma anashinda juani akihesabu ng'ombe anang'oa nyasi mara ngapi kwa dakika, kisha anamfuata nyuma na mfuko kuokota mavi. Mlicheka sana, na wengine mkaniandikia kunipongeza. Tangu wiki ile wachungaji wakamwita Mama Mavi, na jina likamfuata sokoni mpaka kanisani. Hata msibani nilimsikia mtu akilinong'ona ili mwenzake aelewe ni nani aliyekufa. Niliinama, nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Kuna jambo sikuwaambia siku ile. Katika malisho hayo nami nilikuwa na ng'ombe sita, chini ya mchungaji mmoja wa makamo. Mama yule alikuwa ametuita sisi wenye mifugo, akatuomba tuipunguze na tuache sehemu ya uwanda ipumzike mpaka mvua zirudi. Wengi walielekea kukubali. Mimi nilikuwa nimetoka kuongeza wawili na sikutaka kuwaondoa. Hoja ya kumjibu sikuwa nayo. Nilikuwa na safu. Gazeti lilipotoka, kikao cha pili kikageuka kicheko. Mzee mmoja aliinuka akaiga jinsi mama yule anavyoinama kuokota mavi, na mpango ukafia hapo. Mama akakusanya madaftari yake, akatoka bila kuaga.

Kiangazi kilipokolea, ng'ombe wangu wakaanza kukonda, nami nikamwita mchungaji mvivu. Akajibu kwa upole, "Patron, mi natoka nao asubui mpaka jua inazama. Wanakula siku yote, hawapate hata wakati wa kucheua. Angalia tumbo yao, imejaa." Kweli matumbo yalijaa, na mbavu zilihesabika. Siku jike mmoja mwenye mimba alipolala akashindwa kuinuka, mchungaji alikwenda kumwita mama yule bila kuniuliza. Nilimkuta mama amepiga magoti, anavunja mavi kwa vidole. Nilitegemea kusutwa. Alininyooshea kiganja tu.

"Ona. Kavu, na vijiti vimetoka vile viliingia. Nyasi ikiwa fupi sana, ng'ombe anapata kidogo kila akiuma, basi anauma mara mingi, anachoka. Majani ikiisha anakula mabua. Mabua inakaa mu tumbo siku mingi, inajaza nafasi, haimupe nguvu. Huyu ana njaa, na tumbo imejaa."

Nikauliza kama basi dawa ni ng'ombe wachache.

"Apana, si wachache tu. Wakiwa wachache sana nyasi inazeeka, inakuwa mabua vilevile. Iko kipimo. Ile kipimo ndiyo nilikuwa natafuta."

Ng'ombe alikufa alasiri ile, na ndama tumboni. Mchungaji alilia waziwazi, mimi nikatazama pembeni.

Siku chache baadaye nilikwenda nyumbani kwake Gihosha kuomba msamaha. Alinipa chai ya maziwa sebuleni, akanisikiliza hadi mwisho, hata nilipokiri habari ya ng'ombe wangu. Akakoroga kikombe chake.

"Mi nimekusamehe," akasema. "Lakini unaniambia hapa mu salon, sisi wawili. Wale ulichekesha, utawaambia lini?"

Niliahidi juma lijalo. Juma hilo likafika na habari kubwa zaidi; lililofuata, nikajiambia watu wameshasahau. Ikafika hatua nikimwona mjini navuka barabara. Yeye hakuvuka, alinipungia mkono. Msibani dada yake aliniambia kwamba baada ya kikao kile hakurudi tena kupima, na madaftari yalibaki nusu. "Alisema wachungaji wanamucheka, wanaondosha ng'ombe wakimuona," dada alisema. "Sasa angepima nini?" Hakujua anazungumza na nani. Sikumwambia.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi sikujikwaa, nilipiga teke nikijua ninachopiga. Na nadhani si mimi peke yangu. Mjini kwetu tunapenda kumcheka mtu anayefanya kazi ya polepole: anayepima maji ya mto kwa kijiti, anayeandika urefu wa samaki mmoja mmoja. Tunamwona hana shughuli, kumbe sisi ndio tuna haraka ya kulinda tulichonacho.

Kosa nililifanya mbele yenu, msamaha nikauombea faraghani, nikarudi nyumbani nikijiona mwungwana. Ulikuwa ujanja. Aliyemchafua mtu hadharani na amsafishe hadharani, angali hai, masikio yake yasikie. Basi someni: mama yule alisema kweli kuhusu malisho, nilijua sina la kumjibu, na nilimdhihaki kwa sababu ya ng'ombe wangu mwenyewe. Sentensi hiyo haikunichukua hata robo saa kuiandika. Yeye aliingoja miaka saba.